Maji ya moto bafuni: kipi ununue Mombasa, na kipi ukiache dukani

Kusi likishika mwezi wa Julai, hata aliyezaliwa Mji wa Kale huitazama ndoo ya alfajiri kwa jicho la kando. Ila baridi yetu haina makuu. Usiku hushuka hadi nyuzi 20 au 21 za Selsiasi, na maji ya tangini huwa kwenye 25 hivi. Maji ya kuoga yanayomridhisha mtu ni nyuzi 40. Pengo ni nyuzi 15 tu, na kuivusha ndoo ya lita 20 pengo hilo hula thuluthi moja ya yuniti ya stima na ushee kidogo. Mtu wa Limuru anaanzia chini zaidi, kwa hiyo mashine aliyokusifia shemeji yako wa bara huenda ikawa kubwa mno kwako.

Kinachoua mashine za maji moto hapa kwetu ni chumvi. Mfereji ukitoka, huleta maji ya vyanzo vya Mzima, Baricho, Marere au Tiwi. Ukikauka, nyumba hurudi kwenye kisima au huita boza, na yote humiminwa kwenye tangi lile lile. Visima vya kisiwani na vya ufuo wa Nyali na Bamburi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe: chokaa imo tele, na maji ya bahari hupenya chini kwa chini. Kwa hiyo hata kama wiki hii unaogea maji matamu, nunua kama mtu mwenye tangi la maji ya chumvi. Kipimo cha nyumbani ni sabuni: ukiisugua ikakataa kutoa povu, umeshapata jibu. Cha pili ni birika. Likiwa na ukoko mweupe ndani, ukoko huo huo utakaa kwenye mashine utakayonunua.

Kabla ya kutoa pesa, jiulize nani ataoga na saa ngapi. Watu wazima wanaooga jioni, na tangi jeusi limeshinda juani kutwa, hawahitaji chochote. Haja ya kweli iko kwa mzazi aliye ndani ya arobaini na kichanga chake, kwa mzee anayetawadha kabla ya adhana ya alfajiri, kwa mtoto anayetoka kwenda shule giza halijapasuka, na kwa mgeni aliyekodi nyumba kwa usiku kisha akaandika malalamiko kwamba maji yalikuwa baridi.

Nafasi ya kwanza: shawa ya umeme ya maji ya chumvi

Ndiyo ile mafundi huiita instanti. Hupasha maji yanapopita, haina tangi la kujaza, na bei yake ni elfu chache za shilingi. Kwa nyumba nyingi za Mombasa, iwe ya kupanga Kisauni au yako mwenyewe Likoni, ndiyo jibu. Mpangaji akihama anaifungua akaenda nayo. Waya uliopitishwa ukutani ndio humbakia mwenye nyumba, basi mkubaliane mapema nani ataugharimia.

Dukani zimo aina mbili zinazofanana nje, na hapa ndipo pa kufungua macho. Mwambie muuzaji akufungulie kifuniko. Ukiona waya mtupu uliosokotwa kama springi, ukilowa ndani ya maji yenyewe, hiyo ni ya maji matamu. Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko matamu, na waya ule ukiwa uchi, umeme huvuja ndani ya maji yanayokushukia kichwani. Bora yake ni breka kukatika kila ukifungua shawa. Ubaya wake haufai kusimuliwa. Ya maji ya chumvi kwa kawaida ina elementi iliyofunikwa ndani ya bomba la chuma, kama ile ya birika la stima. Sanduku liwe limeandikwa wazi kuwa ni la maji ya chumvi. Kauli ya "hii yaenda na maji yote, bosi" bila maandishi haina uzito. Lorenzetti ya Brazil ni jina linalofahamika, na yapo mengine. Jina moja laweza kuwa na shawa ya maji matamu na ya chumvi, kwa hiyo jina peke yake halitoshi.

Nguvu nazo zisikubabaishe. Shawa ya wati 5,500 hupandisha lita tano hivi kwa dakika nyuzi 15, na huko ndiko tunakotaka kufika. Ya wati 7,500 ni ya watu wa baridi. Hapa utaishia kuiweka kwenye kiwango cha chini mwaka mzima. Tafuta yenye viwango vitatu au vinne vya joto, kwani usiku wa Februari unatosheka na cha kwanza, au hutaiwasha kabisa.

Sasa waya, ambao watu huubania kuliko shawa yenyewe. Wati 5,500 kwa volti 240 ni ampea 23. Waya wa taa wa milimita 1.5 hauwezi, na wa soketi wa 2.5 utachemka ndani ya ukuta. Vuta waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka: milimita 4 kwa uchache, 6 ikiwa bafu liko mbali. Uwe na breka yake ya ampea 32, swichi inayokata waya zote mbili, na ethi ya kweli iliyofika kwenye chuma kilichozikwa ardhini. Nyumba nyingi za zamani zina tundu la ethi kwenye soketi na nyuma yake hamna kitu. Juu ya hayo weka breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Ukiona fundi anaunga shawa kwenye waya wa balbu kwa kusokota na kufunga tepu, mlipe nauli yake arudi zake. Fundi wa kazi hii awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, na kumwomba akuonyeshe si utovu wa adabu.

Mwisho ni msukumo wa maji. Kila mita moja ya kimo kutoka tangini hadi shawani hutoa msukumo wa kama bar 0.1. Tangi lililowekwa juu ya dari ya bafu hilo hilo halitoi mtiririko wa maana, na shawa hukataa kuwaka au huwaka na kuzima. Inua stendi ya tangi kwanza; pampu iwe shauri la pili.

Nafasi ya pili: sola

Kwa mwenye nyumba yake, watu wengi ndani au vyumba vya kukodisha wageni, sola ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa bei. Unaongea makumi ya elfu kwa ile ndogo, na laki na zaidi kwa tangi la lita 200 au 300. Ukishailipa, jua halitumi tokeni.

Mombasa iko nyuzi nne kusini mwa ikweta. Elekeza paneli kaskazini, na uiinamishe nyuzi 10 hadi 15: mwezi Juni na Julai, wakati pekee unapoyataka maji moto kwelikweli, jua la mchana hukaa upande huo. Fundi anayeielekeza popote paa linapoelekea anakupunja miezi ile ile uliyonunulia.

Chumvi hutesa sola kuliko kitu kingine bafuni. Ile ya mirija ya glasi ambayo maji ya kuoga yenyewe huingia ndani ya mirija hukusanya ukoko chini, na mwishowe mrija mmoja hufa baada ya mwingine. Kama unatumia kisima, ulizia mfumo ambao majimaji mengine huzunguka kwenye paneli na kupasha tangi kwa nje, bila kuchanganyika na maji yako. Tangi la ndani likiwa la chuma kisichoshika kutu, uliza ni daraja gani. Daraja 304 hutobolewa na chumvi. 316 lina molibdenamu na hustahimili zaidi. Likiwa la chuma kilichopakwa enameli, lazima liwe na fimbo ya magnesiamu, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Fimbo hiyo hubadilishwa. Ukimwuliza muuzaji habari zake akakutolea macho, nenda duka la pili. Fremu nayo iwe ya alumini, kwa maana upepo wa bahari hauheshimu rangi iliyopakwa juu ya chuma.

Lita 200 za maji ni kilo 200 kabla hujahesabu tangi na fremu. Paa la zege hubeba. Mabati juu ya mbao nyembamba yataka fundi seremala apande ayakague, na makuti usiyafikirie. Simamisha stendi yake pembeni ya nyumba. Siku ya jua kali nyumba isipotumia maji, yaliyomo tangini hupita nyuzi 60 na huunguza mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo valvu ya kuchanganya na maji baridi ni ya lazima, hata fundi akikuambia ni anasa.

Nafasi ya tatu: boila ya tangi

Nzuri kwa ndoo na kwa bomba la kutawadhia, kwa kuwa haitegemei msukumo mkubwa na waya wake ni mwepesi. Nyingi ni za wati 1,500 au 2,000. Chukua ndogo, ya lita 15 au 30. Lita 50 kuzitoa nyuzi 25 hadi 60 ni yuniti mbili, na joto hilo likilala usiku kucha bila mtu kuligusa limekwenda na pesa zako. Angalia ina fimbo ya magnesiamu na valvu ya kupunguza shinikizo.

Nafasi ya nne: gesi

Kwenye karatasi gesi inapendeza: mtungi wa kilo 13 waweza kupasha ndoo zaidi ya 350 kwa pengo letu la nyuzi 15. Lakini mashine nyingi za gesi zina kiwango cha chini ambacho bado ni kikali kwa maji yasiyo baridi, basi unachezea bomba mara yakuunguze, mara moto uzimike. Hutaka pia msukumo mkubwa wa maji kuliko tangi la juu linavyoweza kutoa. Kubwa zaidi ni moshi wake usio na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi. Mashine hii hufungwa nje ya nyumba, ukutani penye hewa. Bafu la Mji wa Kale lenye kidirisha cha kiganja si mahali pake, na hakuna bei ya ofa inayobadilisha hilo.

Koili ya kutumbukiza ndooni iache. Ni rahisi mno, na ndiyo inayompata mtoto aliyetia mkono kupima joto.

Na sakafu ya kupashwa?

Swali hili huja kutoka kwa jamaa waliokaa Ulaya wakarudi kujenga Nyali au Mtwapa. Kule hutandaza waya wa umeme chini ya vigae, wa wati 150 hivi kwa mita moja ya mraba, wenye kihisi cha joto sakafuni na breka ya umeme unaovuja. Hukusudiwa kuifikisha sakafu kwenye nyuzi 27 au 29. Pita peku bafuni kwako saa nane mchana uone kama kuna cha kuongeza. Fedha za waya huo nunulia vigae visivyoteleza, mwinamo mzuri wa kupeleka maji kwenye tundu, na kishikio cha ukutani kwa ajili ya mzee.

Ukichagua shawa ya umeme, siku ya kwanza fungua maji dakika nzima stima ikiwa imezimwa, hadi chemba yake ijae, ndipo uwashe breka. Elementi ikiwaka kavu huungua papo hapo, na dhamana hailipi hiyo. Tena, tangi likiishiwa na mfereji ukarudi usiku na upepo kwenye mabomba, fanya vivyo hivyo kabla ya kuoga.