Kwa nini upinde wa kasi niliuacha dukani

Mzee wa dukani aliniwekea mezani pinde mbili za makapi, zile za kuwindia zenye magurudumu madogo kwenye ncha, akanyamaza. Wa kwanza, kasi ya mshale futi 345 kwa sekunde, dola 1,250. Wa pili, futi 325, dola 780. Nilikuwa nimeshaamua tangu nyumbani kwamba nachukua wa kasi. Nikaondoka na ule mwingine, na sasa nina misimu miwili nao hapa Minnesota. Kampuni sizitaji, maana mkono wangu si mkono wako.

Tuanze na hiyo 345. Hupimwa kwa uzito wa kuvuta wa paundi 70, mvuto (umbali wa kuuvuta upote nyuma) wa inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350. Mimi nikinyoosha mikono, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ni inchi 67 na nusu. Gawa kwa 2.5, unapata mvuto wa inchi 27, na kila inchi inayopungua hula futi kama 10 za kasi. Navuta paundi 52. Mshale wangu ni greni 400, karibu gramu 26, kwa kuwa mshale mzito huzama zaidi na hutuliza kelele za upinde. Kwenye mashine ya kupimia kasi, wa kwanza ulitoa 258, wa pili 243. Kwa kulungu aliye yadi 20, hiyo ni tofauti ya sekunde 0.014. Mlio wa upote unamfikia kabla ya mshale wa upinde wowote kati ya hizo mbili, kwa hiyo nikaanza kusikiliza upi una kelele. Ni ule wa kasi.

Halafu kuna bega. Kazi yangu ni kunyanyua wagonjwa, na bega la kulia hunidai kila jioni. Upinde wa makapi huwa mzito unapoanza kuvuta, kisha makapi yakizunguka uzito unashuka. Wa kasi ulifika juu mara moja, ukakaa hukohuko karibu safari nzima, ukaporomoka mwishoni kama mguu uliokosa ngazi gizani. Nikilegea kidogo tu, unaupokonya mkono kwenda mbele. Wa pili ulipanda taratibu, ukatua, nikabaki nimeshika chini ya paundi 8. Niliushika dakika nzima. Ule wa kwanza, sekunde 35 mkono ukaanza kutetemeka.

Nafasi kati ya mshikio na upote nayo ina maana kubwa: inchi 6 kwenye wa kasi, 7 kwenye wangu. Ikiwa ndefu, mshale huachana na upote mapema, na kosa la kiganja halipati muda wa kuupotosha. Yadi 30, mishale sita: ya wangu yote ilitua ndani ya duara la ukubwa wa kisahani cha chai. Ya ule wa kasi, miwili ilitoka nje.

Upinde wangu nao una kasoro. Una uzito wa paundi 4.6, na urefu wake wa inchi 33 hugonga matawi nikiwa juu ya mti.

Babu yangu kule Kitui alikuwa na uta wa mti mtupu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, mimi nimeukuta ukutani, lakini aliwahi kuniteremshia niuvute. Uta ule hauna mapumziko. Ukishauvuta, lazima uachie. Holless Allen wa Missouri, aliyepewa hataza ya upinde wa makapi mwaka 1969, alimpa mwindaji nafasi ya kuvuta na kusubiri. Kununua upinde usiokuruhusu kusubiri, kwangu, ni kulipia makapi bure.

Ukienda dukani, ndugu yangu, omba kiti. Kaa, nyanyua miguu, elekeza upinde kwenye shabaha na uvute bila kuuinua juu. Ukishindwa, punguza paundi. Na kamwe usiachie upote bila mshale.

Novemba iliyopita, nyuzi tisa chini ya sifuri, nimevaa makoti mawili, kulungu dume alisimama nyuma ya mwaloni, kichwa kimefichika. Nikavuta nikiwa nimekaa. Akakataa kusogea. Nilihesabu hadi arobaini, bega likiwa limetulia, ndipo akapiga hatua mbili akatokeza mbavu. Alianguka kabla hajafika kijitoni.