Nyumba ya wageni ya shambani karibu na Wai: nendeni kwa ajili ya jiko, bwawa lisahauni

Watanzania na Wakenya tulioko Pune, India, kila Alhamisi tunaulizana wikendi tuende wapi, na majibu hayabadiliki: Lonavala, Mahabaleshwar, au Goa kwa mwenye hela. Mimi nasema Wai, mji mdogo kusini mwa Pune. Mwezi wa kwanza nililala huko na wenzangu wawili, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Dar, kwenye nyumba ya familia ya wakulima inayopokea wageni nje kidogo ya mji. Jina la nyumba silitaji kwa sababu kuna mahali nitawasema vibaya. Isitoshe, nyumba za aina hii ziko nyingi upande ule, na haya ninayoeleza yatakufaa popote utakapofikia.

Bei ilikuwa rupia 2,000 kwa mtu kwa usiku mmoja, milo yote ndani yake. Usafiri ni rahisi: basi jekundu la serikali ya jimbo linatokea stendi ya Swargate hapa Pune, na wanawake wanalipa nusu nauli tangu 2023. Ila muwahi kweli, maana Jumamosi asubuhi Pune nzima inapanda mlima wa Khambatki kwa pamoja, na foleni ya malori pale haina huruma. Kutoka stendi ya Wai tulichukua bajaji.

Kwa sisi wageni kuna jambo la kuangalia kabla ya kulipa chochote. Anayempokea mgeni kutoka nje ya India lazima amsajili serikalini mtandaoni ndani ya saa 24, kwa fomu ambayo wengi wanaijua kwa jina la Form C. Nyumba ndogo nyingi hazijui utaratibu huo, au zinaujua na hazitaki usumbufu, na hapo ndipo mtu anapojikuta amesimama mlangoni na begi lake saa tatu usiku. Piga simu mapema, taja hilo neno, sikiliza wanajibu nini. Hawa walikuwa wanaelewa. Kijana wa nyumba alipiga picha pasipoti na viza zetu tukiwa bado tunavua viatu.

Malazi sasa. Picha za mtandaoni zinaonyesha bwawa la kuogelea lenye maji ya bluu. Jamani, lile ni tangi la kumwagilia miwa. Limepakwa rangi ya bluu, hilo nakubali. Magodoro ni membamba, na usiku wa mwezi wa kwanza kule una baridi ambayo mtu wa Mombasa hakuitegemea; tuliomba mablanketi mengine tukapewa bila kununiwa. Hita ya bafuni inatoa maji ya moto ndoo moja na nusu, halafu inapumzika. Kwa upande wa chumba nawapa nyota mbili.

Na chakula cha mchana cha siku ya kwanza kingepata nyota hizo hizo. Tulipangiwa mezani paneer, yaani jibini laini ya Kihindi, kwenye mchuzi mwekundu uliojaa siagi, koliflawa za kukaanga zenye sosi ya soya, na tambi za Kichina. Vyakula hivyo utavipata kila hoteli ya barabarani kati ya Mumbai na Bangalore, na pale mpishi wa hoteli anavipika vizuri zaidi, kwa sababu ndiyo kazi yake. Familia nyingi zinazopokea wageni zinaamini kwamba mgeni akilipa anataka chakula cha hoteli. Siwalaumu sana, maana wageni wa mjini ndicho wanachoagiza.

Ila mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na niliona wenyewe wanakula kitu kingine kabisa. Mikate minene ya kijivu, bakuli la kitu cha njano, kitunguu kibichi kilichopasuliwa kwa ngumi. Mama mwenye nyumba wote wanamwita Kaku, ndivyo Wamarathi, wenyeji wa huku, wanavyomwita mama wa makamo. Nikamwendea na Kihindi changu cha kuungaunga: "Kaku, usiku tunaomba tule mnachokula nyinyi." Akaona aibu. Akasema kile ni chakula cha nyumbani tu, si cha kumpa mgeni. Nikamwambia nyumbani kwetu pia mtama ndio chakula, aniruhusu nikae jikoni nimwangalie.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Mtama na uwele nimekula tangu sina meno, lakini kwa ugali na uji. Kaku anaukanda unga wa mtama kwa maji ya moto, kwa sababu mtama hauna ule mnato wa ngano na ukiusukuma kwa mti wa chapati unapasuka. Kwa hiyo anaupiga kwa kiganja, taratibu, akiuzungusha juu ya unga mkavu mpaka unakuwa sahani. Akiutupa kwenye chuma anaupaka maji upande wa juu kwa vidole. Ukigeuzwa mara moja unahamia kwenye makaa ya kuni, unafura, tayari. Hiyo ndiyo bhakri. Nilijaribu nikatoa ramani ya Afrika, Kaku akaila mwenyewe.

Kile cha njano ni pithla: unga wa dengu uliokorogwa na maji, ukamwagiwa kwenye mafuta yenye haradali iliyopasuka, mvuje, kitunguu, manjano na pilipili mbichi. Dakika kumi, basi. Pembeni kuna thecha, pilipili mbichi zilizokaangwa na kitunguu saumu kisha zikatwangwa na karanga na chumvi ya mawe. Kidogo tu, tafadhali. Mwenzangu wa Dar alichota kama anachota kachumbari, na kwa muda fulani hatukumsikia.

Halafu ukaja wali na varan, wenyewe wanasema varan bhat, na hapo nilinyamaza mwenyewe. Varan ni mbaazi zilizokobolewa, zikachemshwa mpaka zikalainika kabisa, zikatiwa manjano, mvuje, chumvi na sukari guru kidogo. Juu ya wali unamwagia hiyo, kijiko cha samli, unakamulia ndimu. Hakuna kingine. Kwetu Kondoa na jirani zetu wa Babati tunalima mbaazi kwa ajili ya soko la India. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuziingiza, bei iliporomoka na wakulima waliumia vibaya. Miaka yote naziona kwenye magunia, sikuwahi kumwona anayezila zikiwa hivi. Nilimweleza Kaku habari hiyo. Hakujua kabisa kwamba mbaazi zinatoka Tanzania pia. Alidhani zote ni za huko huko kwao, mikoa ya Vidarbha na Marathwada. Akaniongeza samli.

Jumapili ikaangukia Ekadashi, siku ya kumi na moja ya nusu ya mwezi, ambayo Wahindu wengi hufunga. Nafaka na dengu haziliwi siku hiyo. Nikajua tumekwisha. Kumbe ikaja sabudana khichdi: vichembe vya sagu, ambayo India hutengenezwa kwa muhogo, vimelowekwa tangu usiku, vikakaangwa kwa samli na bizari nyembamba, viazi, pilipili na karanga zilizopondwa kwa wingi. Tukala na mtindi. Shoga yangu wa Mombasa akaangalia sahani, akauliza kama watu wamefunga au wamefungulia. Kaku alicheka akasema hata mama mkwe wake alikuwa akiuliza hivyo hivyo. Ugumu wa pishi hili ni maji ya kulowekea: yakizidi linakuwa gundi, yakipungua linakuwa kokoto. La Kaku kila chembe ilisimama peke yake.

Katikati ya asubuhi wanatoza pembeni rupia 300 kwa hurda, na hiyo lipeni bila kubishana. Ni masuke ya mtama mbichi yanayofukiwa kwenye majivu ya moto ya samadi ya ng'ombe, yanapukuchwa kwa mikono, punje bado za kijani na laini, na unakula na sukari guru na chatne ya karanga. Inapatikana majira ya baridi tu, kabla mtama haujakomaa. Watu wanatoka Pune kwa magari kuifuata hiyo peke yake, na sasa naelewa.

Mchana Kaku, mwenyewe akiwa bado kafunga, alitupikia bilinganya ndogo zilizojazwa karanga, ufuta, nazi kavu na bizari yake ya nyumbani. Hakuonja hata mara moja. Chumvi ilikuwa sawasawa.

Masharti ya nyumba yanasemwa wazi mapema: hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna pombe, wala msiingize vya kununua. Aliyezoea kuchoma kuku kila wikendi atafute pengine. Jingine ni la adabu: kila mtu ana sahani yake, na kilichoguswa na mdomo hakirudi kwenye chungu wala hakipewi mwingine. Sisi tuliolelewa kwenye sinia moja mikono inatuponyoka kwenda kwa jirani. Zuieni.

Vya kutazama vipo. Hekalu la Ganpati, mungu mwenye kichwa cha tembo, liko kando ya mto Krishna mjini Wai. Menavali, karibu tu, kuna ngazi nzuri za mawe zinazoshuka mtoni na kengele kubwa ya kanisa la Wareno, iliyoletwa kutoka Vasai, mji wa pwani karibu na Mumbai, baada ya Wamaratha kuwanyang'anya mji huo mwaka 1739. Mwenzetu wa Mombasa alifurahi kuliko sote. Kwao Wareno walishatolewa Fort Jesus tangu 1698. Panchgani kuna stroberi na kuna watu, watu wengi mno siku ya Jumapili. Tulipita.

Jikoni nawapa nyota tano, nikizingatia tangu chakula cha usiku wa Jumamosi. Kwa atakayekwenda: Desemba hadi Februari ndiyo miezi yenyewe, na siku ya kupiga simu usiulize wana menyu gani, kwa sababu watakutajia paneer. Waambie hivi: "Tupikieni pithla bhakri na varan bhat, na tutakula saa mtakayokula nyinyi." Kama wana ndugu au mwana anayezungumza Kiingereza, mpe yeye ujumbe huo, halafu ukifika mrudie Kaku mwenyewe. Anauza pia ile bizari, nusu kilo kwenye mfuko wa plastiki usio na lebo. Mwagizeni siku ya kwanza, anaikaanga na kuisaga upya.