Uzoefu wangu na OpenTofu: kusimamisha klasta ya kontena tukiwa Dodoma

Tunaendesha mfumo wa bei na kumbukumbu za maghala kwa wafanyabiashara wa mahindi na alizeti, wengi wao wa soko la Kibaigwa. Mavuno yakianza watumiaji wanafurika, na msimu ukipita mfumo unatulia, lakini seva zisizo na kazi zinaendelea kulipiwa kwa fedha za kigeni. Tulihitaji klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja, inayopanuka na kupungua bila mtu kukesha akibofya. Kazi hiyo tumeikabidhi OpenTofu, na sijawahi kutumia chombo cha kusimamia seva nikakipenda hivi.

Unaandika kwenye mafaili kile unachotaka kiwepo, yenyewe inakijenga. Sisi tumeandika seva tatu za kuongoza klasta, seva za kubeba kontena (vifurushi ambamo programu zetu zinaendeshwa), mtandao wa ndani, na fayawoli (ukuta wa kuzuia wasiohusika) inayofungua poti 6443, mlango wa kutolea amri kwa klasta, kwa anwani chache tu. Seva tunakodi Hetzner, Ujerumani, na juu yake tunaweka k3s, Kubernetes nyepesi (programu ya kupanga na kuendesha kontena) inayotutosha kabisa. Hizo tatu za kuongoza si anasa. Hifadhi ya etcd, inayotunza taarifa za klasta ndani ya seva hizo, hufanya kazi pale zaidi ya nusu yao zinapokubaliana, kwa hiyo kati ya tatu ikifa moja kazi inaendelea. Zikiwa mbili, kufa kwa moja kunasimamisha uongozi wote wa klasta.

Kilichonifanya niiamini ni amri ya tofu plan. Kabla ya kugusa chochote inakuonyesha itakachofanya: + kitajengwa, - kitaondolewa, ~ kitarekebishwa palepale. Ya kuogopa ni -/+, yaani kitabomolewa kisha kijengwe upya. Kwa seva za Hetzner, ukibadilisha hata neno moja katika maelekezo yanayosomwa seva inapowaka mara ya kwanza, seva nzima inaingia kwenye -/+. Kwa sababu hiyo, ofisini kwetu mpango husomwa na watu wawili kabla ya tofu apply, amri inayoutekeleza. Kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ana jicho kali kwa hilo. "Kaka, hii inaenda kubomoa seva ya kuongoza," aliniambia siku moja, na ilikuwa kweli. Tangu hapo seva hizo tatu tumeziwekea prevent_destroy, na mradi agizo hilo limo kwenye mafaili, mpango wowote unaotaka kuziondoa unakataliwa.

Jambo la pili linatuhusu sana sisi wa huku. Siku moja apply ikiwa katikati, umeme ukakatika mtaani kwetu, Area C. Laptop ilikuwa na chaji, ruta ikazima. Seva mbili mpya zilikuwa zimeshajengwa, lakini kumbukumbu ya hali, yaani faili ambalo OpenTofu inaorodhesha kila ilichojenga, ambayo tunaiweka kwenye hifadhi ya mbali, haikuweza kuandikwa. OpenTofu iliiandika ndani ya laptop kwenye faili la errored.tfstate na kutuelekeza la kufanya. Umeme uliporudi tulitumia tofu force-unlock kuondoa kufuli lililobaki (linalozuia watu wawili kuiandika kumbukumbu kwa pamoja), kisha tofu state push kulirudisha faili hilo kwenye hifadhi ya mbali, na plan iliyofuata ikaonyesha zilizobakia tu. Bila faili lile, zile seva mbili zingekuwa zinakula pesa huku mfumo hauzitambui. Usilifute faili hilo kabla hujalirudisha!

Kwa upande wa bando, weka TF_PLUGIN_CACHE_DIR mapema, ili programu-jalizi, zinazoiunganisha OpenTofu na kila kampuni ya seva, zisipakuliwe upya kwa kila mradi. Ya AWS, huduma ya seva ya Amazon, peke yake ikifunguliwa ni mamia ya megabaiti.

Ninacholalamikia ni kupunguza seva. OpenTofu haijui kontena zilizo ndani. Ukipunguza idadi, inaifuta seva pamoja na kila kinachokimbia juu yake. Ni lazima kwanza uzihamishe kwa kubectl drain, na hatua hiyo bado tunaifanya kwa mkono. Vilevile, seva za kubeba kontena ziandikwe kwa for_each, kila moja na jina lake. Ukitumia count, inayozitambua kwa namba, juu ya orodha, ukatoa iliyo katikati, namba za zote zinazofuata zinasogea na plan inataka kuzigusa hata zisizohusika.

Wengi wataniuliza kwa nini si Terraform, chombo cha aina hii kilichotangulia. Kwa uandishi vinafanana mno, na mafaili yetu ya zamani yalihamia bila shida. Agosti 2023 kampuni yake, HashiCorp, iliibadilishia Terraform leseni, ikaacha kuwa programu huria, na OpenTofu ikazaliwa kutoka humo chini ya Linux Foundation. Lakini kilichonivuta hasa ni toleo la 1.7, la 2024, lililoleta usimbaji wa kumbukumbu ya hali, yaani kuifunga isisomeke bila siri. Kumbukumbu hiyo hubeba nywila na tokeni zikiwa wazi kabisa, na yeyote atakayeipata ameipata klasta. Sisi tumewasha usimbaji huo kwa kaulisiri ndefu, na nakala zake ziko kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja, kwa sababu ikipotea kumbukumbu haisomeki tena na itabidi kuingiza seva moja moja kwa tofu import.