Kisafisha chenga cha Blender mbele ya ukuta wa mawe ya volkano

Kwa wanaochora nyumba za Goma, jaribio gumu ni sebule ya mtaa wa Himbi: ukuta wa mawe meusi ya volkano upande mmoja, dirisha pana linalotazama Ziwa Kivu upande wa pili, taa hakuna. Cycles, injini ya kurenda (kugeuza mchoro kuwa picha) ya Blender, programu ya michoro ya 3D, ikipewa sebule hiyo hutoa picha iliyojaa chenga, yaani nukta ndogo zisizotakiwa, kwa kuwa ni miale michache tu inayobahatika kulipata dirisha. Hapo ndipo OpenImageDenoise, kisafisha chenga cha Intel, inapohitajika. Ni ya bure, imo ndani ya Blender tangu toleo 2.81 la mwaka 2019, na kwa picha moja ya kumwonyesha mteja inastahili kuwashwa bila kusita.

Hesabu yenyewe inaitetea. Kupunguza chenga kwa nusu kunadai sampuli (miale inayojaribiwa kwa kila pikseli) mara nne: kutoka 128 uende 512, kisha 2048, na muda wa kurenda unapanda vivyo hivyo. Kuranti ikikatika na jenereta ikiwaka, tofauti hiyo ni mafuta.

Sasa ukuta. Renda kwa sampuli 64, safisha, kisha kuza picha mara mbili. Mistari ya saruji kati ya mawe imebaki mikali kabisa. Lakini uso wa jiwe, vile vitundu vilivyoachwa na gesi lava ilipokuwa ikipoa, umelainika kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika. Kisafishaji huongozwa na ramani mbili: albedo, yaani rangi ya vitu bila mwanga, na normali, yaani mwelekeo wa nyuso. Saruji na jiwe zina rangi tofauti, hivyo mpaka wake unajulikana. Kitundu ni cheusi ndani ya weusi, na kivuli chake hakimo kwenye ramani yoyote. Programu hukidhania chenga na kukifuta.

Dawa ipo. Acha ramani zote mbili ziwashwe, na kwenye uchujaji wa awali chagua ule wa usahihi zaidi. Panda hadi sampuli 400 au 500. Rangi ya jiwe usiifanye nyeusi tupu: piga picha ya ukuta halisi siku ya mawingu, uitumie hiyo, ili albedo iwe na cha kuonyesha. Halafu washa data za usafishaji kwenye tabaka za renda, hifadhi EXR ya tabaka nyingi (faili moja inayobeba picha pamoja na ramani zake), na usafishe kwenye kompozita, sehemu ya Blender ya kuchanganya picha zilizokwisha kurendwa. Ukichanganya asilimia 75 ya picha safi na 25 ya ile yenye chenga, jiwe hurudisha ukali wake, wala hurendi upya.

Kisafishaji hakifidii mwanga uliopangwa vibaya. Ikiwa mwanga unatoka angani, weka dirishani taa ya eneo yenye ukubwa wa dirisha, ielekee ndani, na uifanye lango la mwanga. Nukta kali zinazometameta huwa madoa zikisafishwa, kwa hiyo zibane kwanza: kikomo cha mwanga wa kurudi ni 10 tangu mwanzo, kishushe hadi 4. Chini ya hapo pembe za chumba huanza kufifia.

Tangu Blender 4.1 ya mwaka 2024 usafishaji wa OpenImageDenoise unaweza kufanywa na kadi ya grafiki. Matoleo ya nyuma yanategemea prosesa peke yake. OptiX, kisafishaji kingine kilichomo ndani ya Blender, ni ya kadi za NVIDIA tu. Ni nyepesi na inafaa unapozungusha kamera, lakini picha ya mwisho tungeiachia OpenImageDenoise.

Kwenye video ndipo OpenImageDenoise inapoangusha. Kila fremu husafishwa peke yake, hivyo madoa hafifu hutambaa ukutani kamera ikisogea. Ongeza sampuli mpaka fremu mbili zinazofuatana zifanane, na urende fremu mojamoja kwenye faili zake, si video moja kwa moja: kuranti ikikatika kwenye fremu ya 180, unaanzia hapo hapo.