Lengeh: lenj ya mbao au ya faiba?

Bandar Lengeh, kusini mwa Iran, iliangushwa na ushuru. Mwanzoni mwa karne ya 20 forodha ilibana, Dubai ng'ambo ikafuta kodi, na wafanyabiashara wakahama. Mtaa wa Bastakiya huko Dubai umebeba jina la Bastak, mji wa bara nyuma ya Lengeh. Lengeh na jirani yake Kong zikabaki na ufundi wa lenj, jahazi la kwao.

Lenj ya mbao ni kazi ya jicho na mkono: msaji wa India, mataruma, yaani mbavu za chombo, yanapangwa bila mchoro, pamba iliyoloweshwa mafuta inagongwa katika kila mwanya. Mtu wa Lamu angeijua kalafati hiyo kwa mlio wa nyundo tu. Lakini msaji ni ghali, na kazi hula miezi.

Faiba hutoka kwenye kalibu, nyepesi, haitobolewi na wadudu wa baharini. Ndiyo inayoshinda. Mwaka 2011 UNESCO iliuweka ufundi wa lenj kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Kwa mvuvi wa kila siku ningesema faiba, shingo upande. Kwa shehena nzito, bado mbao: ubao ukioza unang'olewa, unapigiliwa mwingine.