Kliniki ya masikio inayowagombeza wasiosikia

Daktari ni mzuri. Naanza naye kwa sababu nikianza na yule dada wa mapokezi sitafika kwa daktari.

Sikio langu la kushoto lina tundu kwenye ngoma, ile ngozi nyembamba ya ndani inayopokea sauti, tangu nikiwa shule ya msingi. Lilitoa usaha, cucu (nyanya yangu) akatia maji ya kitunguu, usaha ukaisha, tundu likabaki. Ukubwani kila niliyemwona alikuwa na jibu moja tu: upasuaji. Upigwe sindano ya usingizi, wachukue utando wa msuli ulio juu ya sikio, wazibe nao. Mimi nauza mitumba soko la Gikomba, Nairobi. Kibanda nitamwachia nani?

Ndipo nikaelekezwa kliniki moja upande wa Upper Hill ambako wanajaribu kwanza bila kisu. Daktari akanieleza vizuri, akiongea polepole huku amenitazama usoni (kumbe inawezekana!). Tundu la kupasuka juzi, kwa kofi au kijiti cha pamba, mara nyingi hujifunga lenyewe. La zamani linagoma, kwa sababu ngozi ya nje imeshajikunja ukingoni ikaungana na utando wa ndani, na mwili unadhani kazi imekwisha. Kwa hiyo anatia ganzi, anachungulia kwa darubini, anagusa ukingo kwa asidi ya trikloroasetiki kidogo sana mpaka unageuka mweupe. Kidonda kinakuwa kipya. Juu yake anabandika kikaratasi chembamba ili ngozi inayoota ipate pa kutambaa. Ujanja wa karatasi si wa leo. Clarence Blake, daktari wa Boston, aliueleza mwaka 1887. Japani wao wameidhinisha dawa ya kukuza ngozi, inayowekwa kwa sponji ya jelatini, tangu 2019. Nilipomuuliza kuhusu hiyo akacheka, akasema yeye ana asidi na karatasi.

Inachoma, sitadanganya. Lakini kikaratasi kilipokaa tu, nikasikia nyayo zangu mwenyewe kwenye korido. Nje nikamsikia makanga akiita abiria upande wa kushoto. Nililia pale steji, watu wakadhani nimeibiwa simu.

Sasa sikieni. Kazi hii haimaliziki kwa siku moja. Unarudi baada ya wiki kadhaa, anatazama, anagusa tena asidi ikibidi, anabadilisha karatasi. Ukikaa sana ile ngozi inajikunja tena ukingoni. Alinisisitizia nisiruke tarehe. Nami nikaja mapema, nikalipa kwa M-Pesa, nikaketi.

Mapokezi yao yana kioo kizima chenye vitundu vidogo. Dada yuko nyuma yake, barakoa usoni, na juu ya kichwa chake televisheni inapiga kelele za siasa. Anaita jina mara moja, kwa sauti ya mtu anayesali, akiwa ameinamia kompyuta. Hakuna namba, hakuna ubao, hakuna mtu wa kukugusa bega. Hii ni kliniki ya MASIKIO! Watu waliokuja nyuma yangu wakaingia wakatoka. Nikaenda dirishani.

"Mama, nilikuita kitambo. Kwani husikii?"

Mbele ya watu wote. Nikamjibu, "Dadangu, ningekuwa nasikia ningekuja hapa kufanya nini?" Kuna waliocheka. Yeye hakucheka. Akanirudisha mwisho wa foleni. Mzee mmoja aliyekuja na mjukuu naye alikuwa amepitwa hivyo hivyo, na kwa vile mtoto alikuwa ameenda msalani, hakuna aliyemwambia chochote. Anatabasamu tu, maskini, akidhani zamu yake haijafika. Nikamshika mkono tukaenda dirishani pamoja. Tukaambiwa daktari ameshaingia thieta, turudi siku nyingine, na ada ya kumwona tulipe upya.

Ada upya! Nilizungumza mpaka msimamizi akatoka. Akasema ni mfumo. Kila kitu Nairobi siku hizi ni mfumo. Yangu wakaisamehe baada ya mimi kukataa kuondoka pale dirishani; ya mzee sijui, kwa kuwa mjukuu alikuwa anamvuta waende wawahi gari la Kiambu.

Nilikuwa nimeandika hapa "msiende kabisa". Nimefuta. Niliporudi daktari alikuta tundu limepungua zaidi ya nusu, na kwa mtu aliyeishi na shimo tangu utotoni hilo si jambo dogo. Ila muelewe si kila sikio linafaa: tundu liwe dogo, sikio liwe kavu. Kama bado linatoa usaha, atakutibu hiyo kwanza, na tundu likiwa kubwa atakwambia kisu wazi wazi. Na maji yasiingie. Mimi naoga na pamba iliyopakwa Vaseline.

Kwa hiyo daktari nyota tano. Mapokezi sifuri. Kwa jumla nne, kwa sababu ya sikio langu. Lakini yule mzee akinijia akilini, na lile tabasamu lake... hapana, tatu. Ukienda, nenda na mtu anayesikia, akae karibu na kioo, na asiende msalani.