Eti barua ndiyo ilikuwa kubwa!

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe. Juzijuzi nilipeleka vitu vya marehemu babu na bibi kwa fundi fremu, saa ya mkono ya babu, leso aliyoitarizi bibi mwenyewe, na barua moja ambayo babu alimwandikia kabla hawajaoana. Vilikuwa vimelala tu sandukuni miaka yote hiyo hakuna anayevitazama, nikaona bora viingie kwenye ile fremu yenye kina nivitundike sebuleni watoto wavione.

Kazi kwa macho nzuri, sikatai. Saa imefungwa kwa uzi mwembamba, leso imeshikizwa kwa sindano bila tone la gundi, na kioo hakigusi kitu, maana karatasi ikilaliana na kioo halafu unyevu uingie, inaganda hapo hapo. Nikasema huyu anajua kazi. Ndo jicho likafika kwenye barua.

Imekatwa! Ukingo wote wa kushoto haupo, na ukingo ule ndio ulikuwa roho ya barua yenyewe, kwa sababu bibi hakuandika barua nyingine, alijibu humohumo pembeni kwa penseli akamrudishia. Ya babu ni habari za safari na mvua tu. Nikamuuliza, bwana, hapa pembeni pameenda wapi? Hata macho hakuinua, "Fremu ni saizi hiyo, barua ndiyo ilikuwa kubwa." Barua ilikuwa kubwa! Dada wa mapokezi naye akadakia, si ilikuwa michoromichoro tu ya penseli? Nikaomba kipande changu, jamaa akanionyesha ndoo ya taka kwa mguu. Kwa mguu jamani.

Nikainama nikachakura mbele za wateja, aibu sikuiona. Nikapata vipande viwili, kimoja hakisomeki, kingine kina maneno matatu, "nimeisoma mara tatu".

Ujinga wangu pia upo, ningetoa kopi nzuri nikapeleka hiyo, barua yenyewe ikabaki kwenye bahasha gizani, maana mwanga unafifisha wino na ukishafifia ndo basi. Nilikuwa nalijua hilo, ni uvivu tu.

Nyota moja, nilishaamua. Ila fremu iko ukutani na mwanangu ambaye hata jina la bibi yangu alikuwa halijui, sasa anauliza ile leso ilichukua siku ngapi kushona, na wageni wanaishia kusimama pale hata chai inapoa. Haya, mbili basi, ya pili ni ya aliyeshikiza leso, kama siyo yule bwana.

Kile kipande nilimpa mama. Nilitaka nikiweke kwenye kifremu chake, akakataa, kakitia kwenye kikasha cha miwani, kila akitoa miwani anaanza kukisoma hicho. Nikimwona hivyo narudi kwenye nyota moja.